Mti Hauendi Ila kwa Nyenzo: Maisha ya Bibi Harriet Tubman

Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu, msomaji atakuta hesabu za mazao, majina ya viongozi na habari za maghala. Hizo ni kazi za mikono yetu, nasi twazionea fahari. Lakini asiyetazama ila shamba lake hajui ukubwa wa nchi. Kwa hiyo imeonekana vema kuweka hapa maisha ya mtu mmoja wa mbali, aliyefariki zamani, ambaye mwendo wake waweza kuwa kioo kwa mwanachama na kwa kiongozi pia.

Mtu huyo ni Bibi Harriet Tubman wa Marekani. Wengi wamesikia kwamba aliwatoa watu utumwani. Wachache wanajua kwamba kabla ya hayo alikuwa mkata magogo, binti wa fundi wa magogo, na kwamba yale aliyojifunza msituni pamoja na baba yake ndiyo yaliyomwezesha kuyatenda mengi yaliyofuata. Tena ni wachache zaidi wanaojua kwamba katika uzee wake aliingia katika shauri zito la kiingilio, yaani nani apokewe katika nyumba ya jamii na nani aachwe mlangoni. Shauri hilo si geni kwetu sisi wana ushirika.

KUZALIWA KWAKE

Alizaliwa karibu na mwaka 1822 katika wilaya ya Dorchester, jimbo la Maryland, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake. Nchi ile ni tambarare, yenye mito mingi, vinamasi, na misitu ya misonobari na mialoni. Jina alilopewa kwanza ni Araminta, na nyumbani wakimwita Minty. Mama yake aliitwa Harriet Green, maarufu kwa jina la Rit. Baba yake alikuwa Ben Ross. Bibi yake mzaa mama, jina lake Modesty, aliletwa kwa meli kutoka Afrika.

Wazazi wote wawili walikuwa watumwa, walakini wa mabwana mbalimbali. Ben alikuwa mali ya Anthony Thompson, na Rit alikuwa mali ya jamaa ya Brodess. Kwa sheria ya nchi ile, mtoto alifuata hali ya mama yake. Basi watoto tisa wa nyumba ile walihesabiwa kuwa mali ya Brodess, hata kama baba yao aliwapenda na kuwalisha kwa jasho lake. Kijana Edward Brodess alipopata umri wa kushika mali yake, aliwachukua Rit na watoto akawahamishia shambani kwake Bucktown, na baba akabaki kwa Thompson. Hivyo ndivyo sheria ilivyoweza kuipasua nyumba moja, kama msumeno upasuavyo gogo.

Dada zake watatu, Linah, Mariah Ritty na Soph, waliuzwa wakapelekwa mbali, wala hawakurudi tena. Ilipofika zamu ya Moses, mtoto wa mwisho, mfanyabiashara wa watumwa alikuja kutoka Georgia kumchukua. Rit alimficha mwanawe muda wa karibu mwezi mzima, akisaidiwa na watumwa wengine na watu huru weusi wa jirani. Walipomfuata nyumbani, alisimama mlangoni akawaonya kwamba mtu wa kwanza kuvuka kizingiti atapasuliwa kichwa. Wakarudi nyuma, na biashara ile ikavunjika. Minty aliyaona hayo akiwa mtoto. Alijifunza mapema kwamba mwenye nguvu aweza kuzuiwa, ikiwa yupo mtu wa kusimama mlangoni na wapo jirani wa kumsaidia.

Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, Brodess alimkodisha kwa watu wengine. Katika nyumba moja aliwekwa kulea mtoto mchanga, na kila mtoto alipolia usiku yeye alipigwa mijeledi. Makovu yake alikaa nayo mpaka kufa. Kwa bwana mwingine alitumwa kukagua mitego ya panya wa majini katika vinamasi, akiingia katika maji ya baridi hali anaugua surua. Alipokuwa kijana, alikwenda katika duka la Bucktown, akamkuta msimamizi mmoja akimfukuzia mtumwa aliyeacha kazi. Msimamizi akaurusha uzito wa mizani wa ratili mbili. Ukamkosa yule mtoro, ukampiga Minty kichwani. Alilazwa pasipo daktari, kisha akarudishwa shambani huku damu na jasho vikimchuruzika. Tangu siku ile alishikwa na usingizi wa ghafula hata katikati ya maneno, na ugonjwa huo haukumwacha maisha yake yote.

MSITUNI PAMOJA NA BABA YAKE

Ben Ross hakujua kusoma, lakini alikuwa na elimu yake. Aliweza kuutazama mti uliosimama akakadiria utatoa mbao kiasi gani. Alijua upi wa kuangushwa, uangukie upande gani, na gogo lipitie njia ipi mpaka mtoni. Magogo yale yalisafirishwa mpaka Baltimore, kwenye viwanda vya kuunda meli. Bwana Thompson alipofariki mwaka 1836, aliacha wosia kwamba Ben aachwe huru baada ya miaka kadhaa, tena apewe ekari kumi za kutumia maisha yake yote. Ben alipata uhuru wake mwaka 1840. Lakini angekwenda wapi, hali mkewe na watoto wake wangali watumwa? Akabaki palepale, akiwa msimamizi wa kazi ya magogo kwa ujira.

Katika miaka ile Harriet alikodishwa kwa John T. Stewart, mwenye shamba, duka na biashara ya mbao na meli, ambaye Ben pia alimfanyia kazi. Katika sehemu zile palikuwa na mfereji wa maili 7, uliochimbwa kwa mikono na watumwa pamoja na watu huru weusi, katika muda wa miaka ishirini hivi, ili magogo yaelee mpaka kwenye maji makubwa. Kwanza Harriet aliwekwa nyumbani kwa Stewart, lakini kazi ya ndani hakuipenda. Akaomba kazi ya nje, akapewa. Alilima kwa jembe la kukokotwa, akaswaga maksai, akapakia mizigo, akashika shoka. Katika siku moja aliweza kukata kuni na kuzipanga rundo lenye urefu wa futi 4, upana wa futi 4 na kimo cha futi 4. Mwili wake ulikuwa mfupi, yapata futi tano tu, lakini wanaume waliofanya kazi naye walimheshimu.

Baadaye alifanya mapatano na bwana wake. Kila mwaka alimlipa dola 50 au 60, naye akaruhusiwa kujitafutia kazi mwenyewe na kubakiza ziada. Kwa ziada ile alinunua maksai wawili wa kukokotea magogo. Fikiri, ndugu mwanachama: mwanamke asiyemiliki hata mwili wake alikuwa na jozi ya maksai aliyoinunua kwa jasho lake.

Kazi ya magogo ilimpa jambo jingine lililozidi fedha. Mkulima mtumwa aliijua mipaka ya shamba la bwana wake, basi. Bali mkata magogo alikwenda mbali. Harriet alizijua njia za msituni, vivuko vya mito na nyota za usiku. Aliwajua mabaharia weusi walioyachukua magogo mpaka Baltimore na kurudi na habari za miji ya kaskazini, ambako utumwa ulikuwa umekwisha kukomeshwa. Habari hazikuandikwa, zilipita kinywa hadi kinywa, kwa watu walioaminiana kwa sababu walikwisha kuinua gogo moja pamoja. Wazee wetu husema kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ya watu wale ilikuwa kuaminiana.

Karibu na mwaka 1844 aliolewa na John Tubman, mtu huru, akalichukua jina la mama yake, Harriet. Katika miaka ile alitoa dola 5 kumpa mwanasheria atafute hati za zamani. Katika wosia wa mwenye mali wa kwanza ilikuwa imeandikwa kwamba Rit na wazao wake watumikie mpaka kufikia umri wa miaka 45 tu. Rit alikuwa amekwisha kuupita umri huo, na hakuna aliyemwambia. Karatasi ilikuwako miaka yote ile. Lakini wenye karatasi walijua kusoma, na wenye haki hawakujua. Somo hili halihitaji kuongezwa neno kwa chama chochote chenye vitabu vya hesabu.

ALIPOJIPATIA UHURU

Mwezi wa Machi mwaka 1849 Edward Brodess alifariki akiacha madeni, na mjane wake akataka kuwauza baadhi ya watumwa ili ayalipe. Harriet hakungoja. Tarehe 17 Septemba mwaka ule alitoroka pamoja na ndugu zake wawili, Ben na Henry. Tangazo likapigwa gazetini, na zawadi ikatajwa kwa atakayewakamata. Ndugu zake waliingiwa na hofu wakarudi, naye akarudi pamoja nao. Kisha akaondoka tena, safari hii peke yake, kwa miguu na usiku, mpaka akafika Philadelphia katika jimbo la Pennsylvania.

Alikuwa huru, lakini hapana mtu wa kwao wa kumpokea. Alifanya kazi za jikoni na za usafi, akaweka akiba. Desemba mwaka 1850 akapata habari kwamba mtoto wa ndugu yake, aitwaye Kessiah, angeuzwa mnadani pamoja na watoto wake wawili mbele ya mahakama ya Cambridge. Mumewe Kessiah, John Bowley, alikuwa mtu huru na fundi wa meli. Siku ya mnada Bowley mwenyewe alitoa bei akashinda. Na wakati fedha zilipoitwa, mke na watoto walikuwa wamekwisha kufichwa. Usiku akawapakia katika mashua ndogo, akawavusha mpaka Baltimore, na huko Harriet akawangoja na kuwaongoza kaskazini. Hii ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza ya kuwaokoa watu.

Mwaka uleule bunge la Marekani lilipitisha sheria kali iliyoruhusu watoro kukamatwa hata katika majimbo ya kaskazini. Kwa hiyo Harriet hakuona usalama ila Kanada, akawapeleka watu wake mpaka mji wa St. Catharines. Huko majira ya baridi yalikuwa makali, na wanaume kwa wanawake walijipatia riziki kwa kukata kuni na kufyeka misitu, kazi aliyoijua toka ujana wake.

Katika muda wa miaka kumi hivi alirudi Maryland yapata mara 13, akatoa watu karibu 70, wengi wao ndugu na rafiki zake. Wengine wengi walijikomboa wenyewe kwa maelekezo yake. Alipenda kusafiri majira ya baridi, usiku ukiwa mrefu, na kuwaondoa watu Jumamosi jioni, kwa kuwa matangazo ya watoro hayakuweza kupigwa chapa mpaka Jumatatu. Njia ile iliitwa Reli ya Chini ya Ardhi, ingawa hapakuwa na reli wala shimo. Ilikuwa ni mfululizo wa nyumba za watu, weusi na weupe, kila nyumba ikimpokea msafiri na kumpeleka kwa nyumba ya pili. Mmoja wao alikuwa Thomas Garrett wa Wilmington, mfanyabiashara wa vyuma. Mwingine alikuwa William Still wa Philadelphia, mtu mweusi aliyeandika kwa uangalifu jina na habari za kila aliyefika kwake. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuifanya kazi ile peke yake. Harriet hakupoteza mtu hata mmoja aliyemchukua.

BABA ALIYEFUNGWA KITAMBAA MACHONI

Habari moja haina budi kuelezwa kwa urefu kidogo. Mwaka 1854 ndugu zake watatu walikuwa wamepangwa kuuzwa mara baada ya Sikukuu ya Krismasi. Wakati ule wazazi wao walikaa Poplar Neck, katika wilaya ya Caroline, ambako Ben alisimamia ukataji wa miti katika ardhi ya mwana wa bwana wake wa zamani. Harriet alifika usiku, akajificha pamoja na ndugu zake katika banda la majani ya mahindi karibu na nyumba ya wazazi wake.

Mama alikuwa amepika chakula cha sikukuu, akiwangojea wanawe waje kula naye. Hawakuthubutu kumwambia, maana walijua angelia kwa sauti na kuwafichua. Walimwona kupitia nyufa za banda, akitoka mara kwa mara kutazama njiani. Kwa siri walimwita baba peke yake. Ben aliwaletea chakula, lakini alijifunga kitambaa machoni kabla ya kuwakaribia, ili atakapoulizwa aape kwa haki kwamba hakuwaona. Usiku aliwasindikiza kwa kushikwa mikono huku na huku, kitambaa kingali machoni, kisha akasimama njiani mpaka hakusikia tena nyayo zao. Tarehe 29 Desemba walifika Philadelphia kwa William Still.

Mwaka uliofuata Ben alimnunua mkewe kwa dola 20, ili Rit naye awe huru. Lakini Ben aliendelea kuwasaidia watoro, na mwaka 1857 ikajulikana kwamba alikuwa karibu kukamatwa. Harriet akarudi kuwachukua. Wazee hawakuweza kutembea umbali ule. Basi akapata farasi mkongwe, akaunga magurudumu mawili na ubao mmoja wa kukalia na mwingine wa kuwekea miguu, akawapeleka hivyo mpaka penye treni. Binti wa fundi wa magogo aliwatoa wazazi wake utumwani juu ya mbao mbili.

SHAMBA LA AUBURN NA VITA

Wazee hawakuiweza baridi ya Kanada. Mwaka 1859 Harriet alinunua nyumba na shamba la ekari saba karibu na mji wa Auburn, jimbo la New York, kwa bei ya dola 1,200. Aliyemwuzia ni William H. Seward, kiongozi mkubwa wa serikali, ambaye alikubali alipwe kidogo kidogo, ingawa mnunuzi alikuwa mtoro mbele ya sheria.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, Harriet alikwenda South Carolina mwaka 1862, akawa muuguzi wa askari na wa watu walioacha utumwa. Alipopewa dola 200, hakuzitia mfukoni; alizijengea nyumba ya kufulia nguo, akawafundisha wanawake waliokuwa watumwa jana kufua kwa malipo na kujitegemea. Yeye mwenyewe alijilisha kwa kuoka mikate ya matunda usiku na kuiuza. Kisha akawa mpelelezi. Tarehe 2 Juni 1863 aliyaongoza majeshi ya Kanali James Montgomery kuupanda mto Combahee. Maghala ya adui yakachomwa, na watu zaidi ya 700 wakaokolewa kwa siku moja.

Pamoja na hayo, malipo ya kazi yake hayakuja. Aliomba miaka zaidi ya thelathini. Pensheni ya kwanza aliyopata, mwaka 1895, ilikuwa dola 8 kwa mwezi, nayo ni kwa kuwa mjane wa askari. Mwaka 1899 ikafanywa dola 20.

Mumewe huyo wa pili aliitwa Nelson Davis, aliyemwoa mwaka 1869. Pale Auburn mume na mke walifyatua matofali na kuyauza, wakalima mboga na kufuga nguruwe, wakamlea binti wa kupanga aitwaye Gertie. Nyumba yao ya mbao ilipoungua karibu na mwaka 1880, ilijengwa nyingine ya matofali. Na nyumba ile haikuwa yao peke yao. Yatima, vipofu, wazee na wagonjwa waliingia, wala hawakuulizwa watakaa mpaka lini. Kwa hiyo fedha hazikukaa.

Haifai kuandika sifa tu na kuyaficha makosa. Mwaka 1873 walikuja watu wawili wakidai kwamba wana sanduku la dhahabu iliyofichwa tangu wakati wa vita, nao wako tayari kuiuza kwa fedha za karatasi kwa bei iliyo chini ya thamani yake. Harriet, akiwa na madeni, aliamini. Tajiri mmoja wa mji akatoa dola 2,000. Harriet aliingia msituni usiku na fedha zile. Akaja kuonekana amepigwa na kufungwa, fedha zimekwenda, na dhahabu haikuwako. Mtu aliyewashinda wawinda watumwa kwa miaka kumi alidanganywa na maneno matamu kwa sababu ya haja. Tusimcheke. Tujiulize ni mara ngapi mkulima mwenye deni ameahidiwa faida kubwa na mtu asiyemjua.

SHAURI LA KIINGILIO

Mwaka 1896 shamba la ekari 25 lililopakana na lake lilitiwa mnadani. Harriet alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, wala hakuwa na fedha. Hata hivyo alikwenda, akaongeza bei kila wengine walipoongeza, akalipata kwa dola 1,450. Kanisa lake la A.M.E. Zion likamsaidia kupata mkopo wa benki kwa rehani ya shamba lenyewe. Nia yake ilikuwa kujenga makao ya wazee na maskini weusi.

Deni lilimlemea, na mwaka 1903 alilitoa shamba kwa Kanisa ili liiendeleze kazi. Makao yalifunguliwa mwaka 1908. Lakini waangalizi waliweka kanuni kwamba mtu hataingia pasipo kulipa dola 100. Harriet alihuzunika sana. Yeye alitaka kanuni ya kinyume, kwamba asipokewe ila yule asiye na kitu kabisa. Maana aliona kwamba mwenye dola 100 ana mahali pengine pa kwenda.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na sababu. Waangalizi walijua kwamba makao hayaendeshwi kwa huruma tupu: dari huvuja, kuni hununuliwa, mwuguzi hulipwa, na benki haisamehi riba. Nyumba ya Harriet mwenyewe ilikuwa imekaa katika madeni miaka yote kwa sababu mlango wake haukuwa na kiingilio. Lakini Harriet naye alijua jambo wasilolijua wao. Alijua maana ya kuwa mtu wa mlangoni. Kama njia ile ya usiku ingedai dola 100, hakuna hata mmoja katika wale 70 ambaye angevuka.

Chama kisicho na kiingilio hakidumu. Na chama chenye kiingilio kisichofikika kinamfungia nje yule ambaye kilianzishwa kwa ajili yake. Mizani ya jambo hilo haikupatikana Auburn, nayo haipatikani siku moja mahali popote. Hutafutwa katika kila mkutano mkuu, na kiongozi anayedhani amekwisha kuipata afadhali aihesabu upya.

MWISHO WAKE

Mwaka 1911 Harriet mwenyewe, akiwa dhaifu wa mwili, aliingia katika makao yale yenye jina lake. Alifariki hapo tarehe 10 Machi 1913 kwa ugonjwa wa mapafu, jamaa na rafiki wakiwa wamemzunguka. Alizikwa katika makaburi ya Fort Hill, Auburn, kwa heshima za kijeshi. Hakujifunza kusoma wala kuandika mpaka mwisho. Mwaka 2021 wachimbuzi wa mambo ya kale wa Maryland walitangaza kwamba wamegundua, katika kinamasi cha Dorchester, mahali palipokuwa na kibanda cha Ben Ross. Walikuta matofali, vigae vya vyombo na sarafu ya mwaka 1808. Hayo ndiyo yaliyobaki ya nyumba ya fundi yule aliyemfundisha binti yake msitu.

Lakini zipo alama nyingine zisizochimbuliwa kwa jembe. Ipo habari ya mama aliyesimama mlangoni na jirani waliomficha mtoto. Ya baba aliyefunga macho yake ili asiseme uongo wala asiwauze wanawe. Ya fundi wa meli aliyeshinda mnada pasipo senti moja. Na ya mwanamke aliyebisha hodi kwa niaba ya wasio na kiingilio. Harriet Tubman alikuwa na nguvu za mwili na za moyo kupita wengi, walakini gogo kubwa hakuliinua peke yake. Sisi nasi tunapoanza mwaka wa kumi na moja, kila mmoja na aitazame nyenzo aliyoishika, na amtazame mwenzake aliyeishika upande wa pili, kisha tusukume.